Unyevu wa Ukutani na Kifua cha Mtoto

  Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila siku na kukipita: ukuta wenye unyevu.

Pengine utauliza, ukuta na afya wapi na wapi? Kutengeneza ukuta si kazi ya fundi? Ni kweli, ni kazi ya fundi. Lakini anayelala kando ya ukuta huo ni mtoto wako, na anayeamka usiku wa manane kumsikiliza akikohoa ni wewe. Kwa hiyo hebu tukae kidogo tulitazame jambo hili.

Mfano wa mama mmoja

Tuseme kuna mama anayeishi mtaa wa Langoni, hapa Lamu mjini. Ana mtoto wa kiume wa miaka miwili. Kila ikifika masika, mtoto hukohoa usiku na kifua chake hulia kama filimbi. Mama humpeleka kliniki, hupewa dawa, akapata nafuu. Baada ya wiki mbili ni yale yale. Siku moja anampeleka kwa bibi yake Matondoni, kwenye nyumba ya makuti inayopita upepo. Kule mtoto halali akikohoa. Wanarudi mjini, na usiku wa tatu kikohozi kimeanza upya.

Mama mkwe anasema ni baridi ya mvua. Jirani anasema ni vumbi. Hakuna aliyeuliza kitanda cha mtoto kimewekwa wapi. Kimewekwa ndani, kile chumba cha nyuma kabisa, na kimeegemea ukuta. Ukuta ule ulikuwa ukibanduka chokaa, basi miaka miwili iliyopita ukapigwa plasta ya simiti ili uwe imara, kisha ukapakwa rangi ya mafuta ili upendeze. Sasa rangi imevimba kama lengelenge, chini kuna unga mweupe wa chumvi, na nyuma ya kitanda kuna madoa meusi. Ukiingia chumbani unapokewa na harufu ya uvundo.

Mama msikilizaji, shika alama hii moja: mtoto anayepata nafuu akilala kwingine na kuugua akirudi nyumbani anakuambia kitu kuhusu nyumba.

Ukungu unamfanyia nini mtoto?

Yale madoa meusi au ya kijani ni ukungu, wengine huita kuvu. Ni kitu chenye uhai. Kinaota popote penye maji na pasipo upepo wa kutosha. Kinarusha vumbi laini sana lisiloonekana kwa macho, na mtoto analivuta anapopumua. Njia za hewa za mtoto ni nyembamba. Zikiwashwa na kuvimba kidogo tu, pumzi inakuwa ya taabu.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na ukungu wa majumbani. Mwongozo huo unaeleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kifua kulia, maambukizi ya njia ya hewa, na pumu kuzidi kwa wale walio nayo. Si kila mtoto ataugua, na si kila kikohozi kimeletwa na ukuta. Lakini mtoto mwenye pumu akilala penye ukungu, dawa inapanda mlima.

Tena hapa kwetu tuna desturi ya kumweka mzazi na mtoto mchanga ndani kwa siku arubaini. Ni desturi nzuri ya kumpumzisha mama. Ila chumba hicho mara nyingi ndicho chenye giza na hewa kidogo, na kiko karibu na choo na birika la maji. Tukiongeza chetezo cha ubani na udi, mtoto anavuta unyevu na moshi kwa pamoja. Fukizeni nguo mkipenda, lakini iwe nje ya chumba anamolala mtoto, na kila asubuhi mfungue mlango upepo uingie.

Kwa nini nyumba za wazee hazikuwa hivi?

Wazee wetu wa Amu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zao ni nene, karibu nusu mita. Mawe ya matumbawe yana vitundu vidogo vidogo, na chokaa pia ina vitundu. Maji yakiingia ukutani wakati wa masika, yanatoka tena polepole upepo unapopita. Ndiyo maana mafundi husema ukuta wa chokaa unapumua. Na kila baada ya muda watu walipaka chokaa upya. Ilikuwa sehemu ya utunzaji wa nyumba, kama sisi tunavyofua mapazia.

Simiti ni kitu kingine. Ni ngumu na imebana. Ukiipiga juu ya ukuta wa zamani, maji yanaendelea kuingia, kutoka ardhini, kwenye ufa au kwenye dari, lakini hayapati pa kutokea. Yanapanda juu ndani ya ukuta, yakibeba chumvi. Chumvi inapokauka nyuma ya plasta inakuwa punje ngumu, inasukuma, na plasta inavimba na kuanguka. Watu husema, "Fundi alitupunja simiti." Mara nyingi hakupunja. Simiti ilikuwa nzuri, bali iliwekwa mahali si pake.

Sisemi simiti ni adui. Nyumba mpya ya matofali ya simiti ni sawa, mradi juu ya msingi, kabla ya kuanza ukuta, imetandikwa ile karatasi nzito nyeusi ya kuzuia maji ya ardhi yasipande. Ikikosekana karatasi hiyo, hata nyumba ya mwaka jana itatoa jasho.

Liko jambo jingine la kwetu visiwani: mchanga wa pwani na maji ya chumvi. Ukichanganyia plasta navyo, umejitilia chumvi ukutani kwa mkono wako mwenyewe. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na ukuta hautakauka hata wakati wa kaskazi. Mchanga uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Wala usichukuliwe kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kwa sababu vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji tamu tunayokunywa.

Maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Watu wengi wakiona doa hukimbilia rangi. Rangi inaficha doa, haizuii maji. Kabla ya kutoa shilingi moja, jiulize: maji haya yanatoka wapi? Mama anayeshinda nyumbani anaweza kujua hata kabla ya fundi, kwa kutazama tu.

Ikiwa unyevu unaanzia chini na kuishia kiunoni au kifuani, maji yanapanda kutoka ardhini. Tazama nje. Huenda taka, mchanga au kifusi vimerundikwa ukutani, au mfereji wa uchochoro umeziba.

Ikiwa unaanzia juu na kushuka, maji yanatoka kwenye dari au paa. Tazama nyufa za dari la juu, makuti yaliyochakaa, na milizamu ya kutolea maji ya mvua kama imeziba kwa majani.

Ikiwa ni doa moja katikati ya ukuta, na haliondoki hata wakati wa jua kali, tazama upande wa pili. Mara nyingi utakuta birika la choo lenye ufa au bomba linalovuja.

Ikiwa unyevu unakuja upande mmoja tu wa nyumba mvua ikipiga na upepo wa kusi, basi ukuta huo una nyufa nje.

Ukishindwa kutambua, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni angavu, kama ile inayofunika godoro jipya. Kibandike ukutani kwa utepe, uzibe pande zote nne. Kiache siku mbili. Ukikuta matone chini ya nailoni, upande wa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa: mvuke wa kupika, nguo zinazoanikwa ndani, na pumzi za watu wengi katika chumba kisicho na dirisha. Huo unatibiwa kwa upepo, si kwa fundi.

Hatari ya boriti

Kuna jambo moja ambalo halingoji. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukikaa na maji, ncha zinaoza, na mchwa hufuata. Kwa nje boriti inaonekana nzima. Juu yake kuna mawe na chokaa, mzigo mzito sana. Ukiona dari linainama katikati, ufa mpya pale boriti inapoingia ukutani, unga wa mbao sakafuni, au ukigonga boriti karibu na ukuta ikatoa sauti ya utupu, watoto wasilale humo usiku huo. Hamisha vitanda kwanza, kisha mwite fundi. Msingoje mvua ipungue, maana dari lililolowa ni zito zaidi.

Nyumba za mabati

Wenzetu wa Faza, Kizingitini, Mokowe na kwingineko wengi sasa wamehamia mabati. Bati halivuji kama makuti yaliyochakaa, lakini mchana linawaka na usiku linapoa haraka. Mvuke wa ndani ukigusa bati baridi unageuka matone na kuwadondokea watoto. Watu hudhani bati limetoboka. Dawa yake ni kuacha nafasi ya upepo kati ya ukuta na paa, na kuweka dari jepesi la mkeka au mbao chini ya mabati. Dari hilo hupunguza joto pia.

Wakati wa joto kali, mtoto mchanga avalishwe nguo nyepesi na anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa, hata wakati wa kaskazi. Maziwa ya mama yanatosha.

Na maji yaliyotuama juu ya dari au kwenye mfereji wa paa yana madhara mengine: mbu. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2004, homa ya chikungunya ilipoingia Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionyesha kuwa kiasi cha watu 3 katika kila 4 kisiwani waliambukizwa. Mbu wa homa hiyo huzaa katika maji yaliyosimama majumbani. Kwa hiyo funika mapipa na mitungi, na uhakikishe dari linatiririsha maji.

Matengenezo, hatua kwa hatua

Kwanza, zuia maji. Ziba ufa wa dari, zibua mlizamu, tengeneza birika, ondoa kifusi.

Pili, kwa ukuta wa mawe na chokaa, bandua plasta ya simiti iliyovimba. Watoto wasiwepo wakati wa kubandua, kwa sababu ya vumbi.

Tatu, acha ukuta ukauke. Ukuta mnene huchukua miezi. Hapa ndipo wengi tunapokosa subira. Wakati mzuri ni kaskazi, kabla ya mvua za mwezi wa nne.

Nne, piga plasta ya chokaa, nyembamba nyembamba, kwa mchanga uliooshwa. Isikauke kwa haraka. Itundikiwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Mwisho paka chokaa, si rangi ya mafuta. Chokaa ni kali, ukungu haupendi kuota juu yake.

Ikiwa nyumba yako iko ndani ya mji wa kale, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia, pita kwanza kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayosimamia hifadhi ya mji. Uulizie ushauri na mafundi wanaojua chokaa.

Na hili msilisahau: chokaa inaunguza. Ikitiwa maji huchemka. Shimo au pipa la chokaa lifunikwe, mtoto asifike. Ikimwingia machoni, mwoshe hapo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mkimbize hospitali. Usimtie maziwa wala mafuta.

Na kama hakuna pesa?

Najua kuna mama anayesema moyoni, "Haya yote ni ya wenye uwezo, mimi nimepanga chumba kimoja." Yako mambo yasiyo na gharama. Vuta kitanda cha mtoto mbali na ukuta wa nje, angalau urefu wa mkono mmoja. Fungua madirisha na milango asubuhi na upepo wa alasiri. Anika godoro na mito juani. Nguo zikauke nje. Pika mahali ambapo moshi na mvuke vinatoka.

Ukungu ulio juu ya vigae, mbao au rangi usugue kwa maji ya sabuni, kisha ukaushe. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, weka kikombe kimoja katika vikombe 16 vya maji, fungua madirisha, vaa glavu, na watoto wawe nje. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, maana hutoa hewa ya sumu. Mwenye pumu asifanye kazi hii.

Kisha zungumza na mwenye nyumba kwa adabu. Mwonyeshe doa, mwonyeshe linakoanzia. Mwambie, "Baba, ukuziba ufa huu leo utaokoa boriti zako." Mwenye mali husikia habari za mali yake. Na kwa fundi mwambie, "Fundi, kabla hujachanganya simiti, nionyeshe maji yanaingilia wapi." Asiyeweza kukuonyesha, usimpe kazi.

Wakati wa kukimbia hospitali

Kutengeneza ukuta hakuchukui nafasi ya daktari. Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi. Awe ametulia, inua fulana, tazama tumbo na kifua kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Huenda hicho ni kichomi, na kichomi kinahitaji dawa ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea haamki, au ametukutika kwa degedege, usingoje asubuhi wala maji kujaa. Nyinyi mlio Kiwayu, Ndau na Kizingitini mnajua safari ya boti ilivyo. Kubalianeni na mwenye boti mapema, kabla ya masika, na muweke pesa ya mafuta kando. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili, cha mtoto au cha mtu mzima nyumbani, kipimwe kifua kikuu.

Ukifika kwa muuguzi, usiseme kikohozi tu. Mwambie pia, "Chumba chetu kina ukungu, na mtoto akilala kwingine anapona." Maneno hayo yatamsaidia kujua kama ni pumu.

Mambo ya kukumbuka

1. Mtoto anayepona akiondoka nyumbani na kuugua akirudi, tazama ukuta anaolala nao.
2. Rangi haizuii maji. Tafuta maji yanakotoka kwanza.
3. Ukuta wa mawe na chokaa utengenezwe kwa chokaa.
4. Dari likiinama, hamisha watoto usiku huo huo.
5. Hesabu pumzi za mtoto, na usichelewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, katika nyumba zetu unyevu unaanzia wapi: chini, juu au katikati? Ni nani mtaani kwetu anayejua bado kazi ya chokaa? Usiku mtoto akizidiwa, tutapata boti ya nani?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wenye watoto tuongeze kwamba ufa ule ule ndio njia ya maji, na maji ndiyo yanayoleta ukungu kwenye mto wa mtoto. Leo jioni kabla ya kumlaza, chukua tochi, sogeza kitanda, na utazame nyuma yake.